Vyombo vya Wageni

Kazi yangu ni kuhamisha watu. Nina kanta nyeupe ya tani tatu, na ukija Nakuru mwisho wa mwezi utanikuta nimeegesha mbele ya ploti moja au nyingine, Kaptembwo, Shabab, Free Area, Section 58, vijana wangu wawili wakishusha godoro kwa ngazi nyembamba, na mwenye nyumba amesimama kando, mkoba kwapani, akihesabu kwa macho. Hakuna awezaye kumficha kitu mtu anayemhamisha. Padri husikia dhambi zako, lakini mimi ndiye ninayeona kilicho chini ya kitanda.

Nilichokiona miaka yote hii ni kwamba nyumba zetu zina vitu vya namna mbili: vinavyotumika na vinavyongoja. Vinavyotumika unavijua. Sufuria imeungua makalio, kikombe kimekatika sikio, kijiko kimepinda kwa kufungulia soda, blanketi limechakaa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Vinavyongoja viko sebuleni kwenye kabati la vioo, vimepangwa juu ya vitambaa vilivyofumwa kwa mkono: glasi za miguu mirefu, sahani pana zenye maua, hotipoti tatu zilizopandana kubwa hadi ndogo. Au viko ndani ya katoni mvunguni, pamoja na duveti ambalo bado limo kwenye mfuko wake wa zipu. Kwa vile vya kwanza mwenye nyumba hanisumbui. “Rusha tu hapo juu,” ananiambia. Tukifika kwenye kabati, sauti inabadilika. Vijana wanaambiwa wakae kando kidogo, na mama mwenyewe anapiga magoti, anatoa glasi moja moja, anaipangusa ingawa haina vumbi.

Mimi ni mzee wa kanisa, na kwangu jambo hili limegeuka kuwa swali la dini kuliko la vyombo. Vitu vyetu vizuri vinamngoja nani?

Kuna mwalimu mstaafu niliyemhamisha kutoka Section 58 kwenda kwenye shamba lake karibu na Njoro. Mvunguni palikuwa na katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Kamba ilikatika mikononi mwangu, ikabidi tufungue tupange upya. Ndani mlikuwa na seti ya chai: birika la kauri, visosa sita, vikombe sita vyeupe vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, na kibakuli cha sukari chenye kifuniko. Kila kimoja kilikuwa kimevikwa ukurasa wa Taifa Leo wa wakati wa mvua za El Niño, mwisho wa 1997, na karatasi imegeuka rangi ya majani makavu. Chini ya kisosa kimoja kibandiko cha bei kilikuwa bado kimeganda.

“Cucu, hizi hujawahi kutumia?”

“Nilinunua kijana wangu akitaka kuoa. Wakwe walikuwa wanakuja kutuona.”

“Wasije?”

“Walikuja. Nikaogopa. Nikaazima za jirani.”

Hakuwa anatania. Wageni aliowanunulia vikombe walifika, wakakaa sebuleni kwake, wakanywea vikombe vya mtu mwingine, kwa sababu vyake vilikuwa vizuri mno kuguswa na mtu yeyote. Tulipokuwa njiani alikaa nami kwenye kabini na katoni mapajani. Tuliposimama kujaza mafuta alinimiminia uji kutoka kwenye chupa yake, kwa kikombe cha plastiki kilichoandikwa jina la mgombea ubunge aliyeshindwa.

Askari wa usiku wa duka la vyombo ana rungu na tochi, anajua kila kilichomo ndani, na hana ruhusa ya kunywea hata kikombe kimoja. Wengi wetu tumejiajiri kazi hiyo kwenye sebule zetu wenyewe, tena bila mshahara.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao hapa hapa, Ngata, ukitoka mjini kuelekea upande wa Njoro. Maurice Egerton, ambaye sisi humwita Lord Egerton, alianza kujenga kasri lake mwaka wa 1938. Vita Vikuu vya Pili vikaisimamisha kazi, na nyumba ikamalizika 1954. Ina vyumba zaidi ya 50. Ina ukumbi wa dansi, na ukumbini pana kinanda kikubwa cha mabomba. Wanaotembeza wageni pale husimulia kwamba aliijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza na kuiita kibanda cha kuku, na kwamba hata kasri mwanamke huyo alilikataa. Huenda hadithi imeongezwa chumvi jinsi miaka ilivyopita. Lakini hili halina chumvi: hakuoa, hakutaka mwanamke akanyage pale, na aliishi katika nyumba hiyo miaka minne hivi, akafa 1958. Ukumbi wa dansi katika nyumba isiyokaribisha wanawake. Hebu fikiria alivyokuwa akipita hapo jioni kwenda kulala.

Mtu huyo huyo, mwaka wa 1939, alikuwa ametoa shamba la ekari 740 pale Njoro ili ianzishwe shule ya kilimo. Shule ikakua ikawa chuo, na chuo kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Kila muhula mpya mimi hubeba magodoro, majiko ya gesi na masanduku ya bati ya wanafunzi wa Egerton, na wanabishana nami kuhusu bei kana kwamba walizaliwa sokoni. Ardhi aliyoitoa inakanyagwa kila siku na watu asiowajua. Nyumba inayosemekana alimwekea mtu mmoja aliyemjua imebaki ya kutazamwa, na maharusi huenda kupigia picha kwenye bustani yake. Mikono ni ile ile, pesa ni zile zile. Sijui mahubiri yanayoweza kuonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi ya kuendesha gari kutoka Ngata hadi Njoro.

Upande wa pili wa mji, ukielekea Nairobi, pana Hyrax Hill. Watoto wa shule hupelekwa huko kwa basi na wengi hukumbuka soda tu. Mary Leakey alichimba pale mwaka wa 1937 na 1938, akakuta makaburi ya kale ambamo wanawake walizikwa na sahani za mawe na michi, ilhali wanaume hawakuwekewa vyombo hivyo. Mwaka huo wa 1938 yeye na mumewe Louis walichimba pia pango la Mto Njoro. Humo walikuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa miaka kama 3,000 iliyopita, na pamoja nao mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia na shanga. Nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la Hyrax Hill na mjukuu wangu, na nikasimama mbele ya vitu vya mawe kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Wataalamu wataniambia habari za imani kuhusu maisha baada ya kifo, na sitawapinga. Lakini mimi niliona jiko. Mchi na jiwe la kusagia ni vitu vya kazi. Jiwe halipati bonde katikati kwa kutazamwa. Waliowazika wanawake wale, kama ninavyoamini, waliwapa kitu ambacho mikono yao ilikizoea. Cha thamani na cha kila siku kilikuwa kitu kimoja. Ni sisi tuliokuja kuvitenganisha, kimoja tukakiweka jikoni, kingine sebuleni.

Tunaambiwa akiba haiozi. Aliyesema hivyo hakuwa na gari. Tairi la spea ambalo halijawahi kugusa lami hupasuka nyufa ubavuni kwa uzee tu, na ndiyo maana ubavu huohuo una tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Muulize fundi yeyote. Viatu navyo ni vivyo hivyo, hasa vya soli nyepesi za povu. Unyevu wa hewa hula soli polepole ndani ya boksi, na siku ya harusi unavivaa kwa mara ya kwanza, unafika mlangoni mwa kanisa ukiacha vipande nyuma yako. Nimehamisha masweta yaliyowekwa yakawa chakula cha nondo, na mashuka mapya ambamo panya walizalia. Yesu alipotaja nondo na kutu hakuwa anatafuta maneno matamu. Alikuwa anaorodhesha alichokiona kwenye masanduku ya watu wa Galilaya.

Na kuna habari ya mana. Wana wa Israeli jangwani walipewa chakula cha siku moja moja, na waliojiwekea cha kesho waliamka wakakikuta kinanuka na kina mabuu. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini habari haiishii hapo. Siku ya sita waliruhusiwa kuokota maradufu na kuweka ya Sabato, na hiyo haikuoza. Mana ni ile ile, vyombo ni vile vile. Nimelifikiria jambo hili nikiwa kwenye foleni pale Kenyatta Avenue mara nyingi kuliko nilivyolifikiria kanisani, na naona kwamba Mungu hakukataza kuweka. Alikataza kuweka kwa ajili ya siku isiyo na jina. Ukijiwekea kitu cha Sabato, Sabato inakuja, unakitumia, kimekwisha. Ukijiwekea kitu cha “siku moja”, unakuwa umewawekea mabuu.

Mama yangu alilijua hilo bila mahubiri, na ni lazima nimtetee, maana vijana wa siku hizi hucheka makabati ya mama zao na hunikera. Tulikaa upande wa Molo, nyumba ya mbao, bati juu, baridi ya kukatika masikio. Alichuma pareto. Yeyote aliyewahi kuchuma pareto anajua kwamba ua ni jepesi mno na gunia halijai. Unainama asubuhi hadi jioni, na likikauka linapungua tena. Kwa pesa hizo, na kwa kikundi cha akina mama waliokuwa wakipelekeana vyombo kwa zamu, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, alipata vikombe vyake na sahani zake na kabati la kuviweka. Katika nyumba nzima, rafu zile mbili zilikuwa ndiyo mahali pekee ambapo umaskini haukuingia. Mtu akisimama mlangoni, jicho lake lilikwenda pale kwanza. Mwanamke aliyeinama kwenye pareto siku nzima ana haki ya kuwa na mahali pamoja ndani ya nyumba pa kumwinua uso.

Tena wageni wake walikuwa wa kweli. Mchungaji alikuja, wajomba walikuja kutoka Nyandarua, jirani alikuja kuomba chumvi akaketishwa. Kabati lilifunguliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nasi tulipona, kwa maana siku hiyo chapati zilipikwa, na chai ya maziwa matupu, na sisi watoto tukapewa kinachobaki kwenye vikombe vile vile. Vilivunjika kimoja kimoja mpaka vikaisha, na sikumbuki mama akilia hata kwa kimoja. Alilaani kidogo kwa Kikuyu na kuchukua ufagio. Kwa hiyo sina ugomvi na vyombo vya wageni. Ugomvi wangu ni na kabati ambalo hata mgeni akija halifunguliwi.

Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nilibeba watu badala ya samani. Nilitoka nao upande wa Molo na Kuresoi kuja kwenye Showground ya Nakuru, ambako maelfu walikuwa wamelala kwenye mahema na chini ya paa za mabanda ya maonyesho. Sitasimulia yote, wenyewe mnayajua. Lakini mtu akikimbia moto hachagui vizuri. Nilimwona aliyebeba saa ya ukutani akaacha viatu. Nilimwona aliyebeba kuku akaacha hati ya shamba. Familia moja ilikuwa imeokoa katoni moja tu, nayo, walipoifungua hemani, ilikuwa ya glasi za kabatini. Waliichukua gizani kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari imefungwa. Haikuwa imefunguliwa tangu inunuliwe. Hawakuwa na sahani, hawakuwa na kikombe cha bati, ila glasi kumi na mbili za miguu mirefu. Wakapewa uji wa msaada. Wakauacha upoe kwanza kwenye ndoo, glasi zisipasuke, kisha wakaumimina, wakaketi juu ya gunia, baba, mama, watoto na nyanya yao, kila mmoja na glasi yake ya divai imejaa uji wa wimbi.

Yule baba aliniona nikitazama. Akasema, “Kumbe hawa wageni tuliokuwa tunawawekea ni sisi.”

Tulicheka, kicheko cha watu ambao hawajalala. Lakini neno lile halijaniacha, na sasa naamini kwamba alisema jambo ambalo Biblia imelisema muda wote nasi tunalipitia mbio. Daudi alipokusanya dhahabu na fedha za kujengea hekalu, dhahabu ya kifalme, alisimama mbele ya watu akakiri kwa Mungu kwamba yeye na watu wake ni wageni tu na wapitaji, kama walivyokuwa baba zao. Alilisema hilo akiwa tajiri kuliko wote, mali imerundikwa mbele yake. Barua kwa Waebrania inasema vivyo hivyo kuhusu Abrahamu na nyumba yake ya mahema. Kila Jumapili tunaimba kwamba hapa si kwetu, halafu tunarudi nyumbani kula kwenye sahani iliyopasuka kwa sababu nzima ni za wageni. Kama sisi ni wageni hapa, nani basi anayezistahili? Tunafanya kama wenye nyumba wa milele wanaosubiri mtu mkubwa zaidi yao. Mimi ninayewahamisha najua hakuna mwenye nyumba wa milele Nakuru. Yupo anayelipa kodi kwa mwezi na yupo anayelipa kwa maisha. Hata waliojenga Mwariki walidhani wamefika, mpaka ziwa lilipopanda mwaka wa 2020 likawafuata sebuleni, nikaitwa tena na kanta yangu.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni nguo za kuzikia. Mwanakwaya mwenzetu mmoja alifariki, mzee mtaratibu, na familia iliniomba nisaidie kupeleka hema na viti. Wakati wa kutafuta nguo za kumvisha, mjane alifungua sanduku akatoa shati jeupe ambalo lilikuwa bado na pini zake, kadibodi ndani ya kola, na kile kipepeo cha plastiki shingoni. Watoto wake walilileta kutoka ng’ambo. Alikuwa analiweka. Mimi na kaka yake tulizichomoa pini zile moja moja, tukizihesabu zisije zikamchoma, kana kwamba bado zingeweza. Shati lilikuwa na mikunjo minne ya kiwandani ambayo pasi haikuweza kuiondoa, na kwa mikunjo hiyo akaenda kuzikwa.

Baada ya hapo ndipo nilipousoma vizuri ule mkasa wa Bethania, wa mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu juu ya kichwa cha Yesu. Bei yake ilitajwa mezani: zaidi ya dinari 300, karibu mshahara wa kibarua kwa mwaka mzima. Waliokuwepo walikasirika, wakataka iuzwe wapewe maskini, na hoja yao haikuwa mbaya. Yesu akamtetea, akasema amempaka mafuta mapema kwa maziko yake. Nimelisikia hilo likihubiriwa kama somo la ukarimu, nalo ni somo la ukarimu. Ila endelea kusoma Marko mpaka mwisho. Siku ya tatu, alfajiri, wanawake wengine walikwenda kaburini na manukato waliyonunua ili wampake. Walikuta kaburi wazi, mwili haupo. Mapenzi yao hayakuwa madogo kuliko ya yule wa Bethania, na manukato yao yalikuwa ya kweli. Yalichelewa tu. Marhamu yaliyomfikia ni yale yaliyomiminwa mezani, watu wakila, siku ya kawaida ya juma, na mtu akilalamika kwamba ni hasara.

Nina jirani wa maegesho, bi mkubwa wa Bondeni anayeuza mahamri na kahawa asubuhi. Huvaa bangili zake za dhahabu siku ya Jumanne akikanda unga, na udi unanukia mpaka kwenye kabini yangu. Nilimuuliza kama haogopi. Akanieleza kuwa Mtume alifundisha kwamba mali ya mwanadamu ni sehemu tatu tu: aliyoila akaimaliza, aliyoivaa akaichakaza, na aliyoitoa sadaka ikamtangulia. Nyingine zote anawaachia watu. “Na hizo nyingine, mwanangu,” akaniambia huku akigeuza mahamri, “ndizo unazobeba wewe na kanta yako.” Sijapata jibu hadi leo. Tena Qurani, alisema, inauliza ni nani aliyeharamisha pambo ambalo Mungu amewatolea waja wake. Kwetu sisi Wakristo wa mlimani, tuliolelewa kuona kila kizuri kama mtego, swali hilo ni geni kidogo, na ni zuri kusikia mtu akiliuliza kwa upande mwingine wa barabara.

Sasa, najua kuna anayesoma akisema: ni rahisi kwako. Tajiri wa Milimani akivunja glasi ananunua nyingine kabla ya jioni. Mjane wa Njoro akivunja kikombe amekivunja milele. Ni kweli, na ndiyo sababu siwezi kumcheka yule mwalimu. Hofu yake ina hesabu ndani yake. Lakini hebu tuifanye hesabu hiyo mpaka mwisho. Seti ya vikombe sita iliyobaki vitano bado inanywesha watu watano. Seti ya sita iliyo mvunguni tangu El Niño haijanywesha mtu. Kati ya hizo mbili, ipi imevunjika?

Wala sisemi watu wafuje. Karo ya shule ni ya kuwekwa, maana Januari ina tarehe. Viazi vya mbegu vinawekwa, maana mvua inakuja na vikikaa kupita msimu vinachipua gizani na kunyauka. Hati ya shamba iwekwe mahali ambapo hata mimi nikikuhamisha sitaiona. Na kama una leso ya marehemu mama yako na hutaki kuivaa kwa sababu bado ina harufu yake, hiyo ni kati yako na Mungu, mimi simo. Nasemea duveti ndani ya zipu ilhali mtoto analala kwa blanketi la mwanga. Nasemea kochi lililovikwa nailoni miaka mitano mpaka nailoni ikazeeka kabla ya kochi. Baba wa nyumba hiyo huketi sakafuni kutazama habari.

Nyumbani kwangu uamuzi haukuwa wangu. Mke wangu alirudi siku moja kutoka mazishini, akafungua kabati, akabeba vikombe vyote akavipanga jikoni kando ya sinki, vile vya plastiki akampa kijana wa taka. Hakutoa hotuba. Viwili vimeshavunjika; mjukuu wetu huvunja bila upendeleo. Chai haijawa tamu zaidi, nisikudanganye. Ila nimeona kwamba watu huketi zaidi. Mtu akipewa kikombe kizuri hasimami nacho mlangoni akimeza haraka haraka, anavuta kiti. Kijana wangu wa kupakia, ambaye kwa miaka alikunywa chai yake nje akiegemea gurudumu, siku hizi anaingia.

Kwa hiyo ukinipigia simu nikuhamishe, nina ombi moja. Ile katoni ya vyombo vya wageni usiipeleke chini ya mizigo. Nipe niiweke kwenye kabini, karibu nami, nami nitaendesha polepole kwenye matuta. Tukifika, kabla vijana hawajaunganisha kitanda, bandika maji, uifungue, uwape watoto wako chai kwa vikombe hivyo, na wewe unywe, na kama kipo cha kuzidi utupe na sisi. Tutaviosha wenyewe. Bei ya kuhama ni ile ile.